Nozeli ya gari kuukuu isihukumiwe bila kupimwa

*Gari linapoanza kumisi, wengi hubadilisha nozeli zote kwa kubahatisha. Vipimo vichache, ambavyo vingi vinawezekana hata katika gereji ya chini ya mwembe, vinaweza kumwokolea mwenye gari fedha na kumlinda fundi dhidi ya lawama.*

Dalili zenyewe hazifichiki. Injini hupigwa starti mara mbili au tatu ndipo iwake, ikishawaka hutikisika inaponguruma bila kukanyagiwa mafuta, bomba la moshi hutoa harufu ya petroli ambayo haikuungua, na tangi lililokuwa likitosha wiki nzima hukauka kabla ya wiki kwisha. Mwenye gari huliingiza gereji, fundi husikiliza mlio kwa muda mfupi, kisha hutamka uamuzi uliozoeleka kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi: nozeli zimekufa, zinunuliwe nyingine nne.

Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kuwa kosa la gharama kubwa, kwa sababu dalili hizo hizo huletwa na plagi iliyochakaa, koili iliyopasuka, hewa inayovuja kwenye mipira ya manifoldi, pampu ya mafuta iliyochoka au silinda iliyopoteza mgandamizo. Hakuna sikio, hata liwe la fundi aliyezeeka katika kazi, linaloweza kutenganisha visababishi hivyo vyote kwa mlio peke yake; kinachovitenganisha ni kipimo.

Suala hili linagusa mfuko wa kaya, usalama wa barabarani na heshima ya ufundi kwa pamoja. Magari mengi yanayotegemewa na familia, madereva wa teksi na wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki ni yale yaliyokwisha kutumika kwingine kwa miaka mingi, na katika magari hayo kila spea inayonunuliwa bila sababu hula fedha iliyokuwa ya ada ya shule au ya mtaji wa biashara.

Kifaa kidogo, kazi kubwa

Nozeli, ambayo katika vitabu huitwa pia injekta, ni valvu ndogo inayoendeshwa kwa umeme na ambayo kazi yake ni kunyunyiza mafuta kwa kiasi na kwa wakati uliopangwa. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba, sindano ya chuma, springi inayoikandamiza sindano hiyo kwenye kitako chake, na kichujio kidogo sana kwenye mlango wa kuingizia mafuta. Umeme unapopita kwenye koili, nguvu ya sumaku huinyanyua sindano, mafuta yakatoka kama ukungu. Umeme unapokatwa, springi huirudisha sindano mahali pake na mafuta yakakoma.

Anayeamua muda wa kufunguka ni kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi. Injini ya petroli ya kawaida inaponguruma taratibu, nozeli hufunguka kwa takriban milisekunde mbili hadi tatu tu, na milisekunde moja ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika injini ambayo kila nozeli hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili, mwendo wa mizunguko 3,000 kwa dakika humaanisha kwamba nozeli moja inafunguka na kufunga mara 25 katika kila sekunde.

Kompyuta haioni mafuta yanayotoka. Hukokotoa muda tu, ikiamini kwamba mgandamizo wa mafuta ni sahihi na kwamba nozeli zote zinatoa kiasi kilekile katika muda uleule. Imani hiyo ikivunjika kwa silinda moja, kwa uchafu au kwa kuvuja, silinda hiyo hupata mafuta pungufu au ya kupita kiasi, na injini nzima hupoteza ulinganifu wake.

Teknolojia hii si changa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1967 kuuza mfumo wa D-Jetronic, uliotumia umeme kuendesha nozeli, katika magari ya Volkswagen 1600 yaliyopelekwa soko la Marekani. Katika miaka ya 1980 na 1990 kabureta ilipotea hatua kwa hatua kwenye magari ya Japani, na ndiyo maana Corolla na Carina za miaka ya 1990, zenye injini kama 5A-FE na 7A-FE, pamoja na magari ya baadaye yenye injini ya 1NZ-FE kama vile Toyota IST, yote hutegemea nozeli.

> Kompyuta haioni mafuta yanayotoka. Hukokotoa muda tu, ikiamini kwamba nozeli zote zinatoa kiasi kilekile.

Umri wa gari na usafi wa mafuta

Umri wa magari yanayoingia katika ukanda huu unadhibitiwa kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lilipotengenezwa, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, na Tanzania haipigi marufuku magari makuukuu bali huyatoza ushuru wa ziada kadiri umri unavyoongezeka. Hata hivyo, hakuna kikomo cha kuingizia kinachozuia gari kuzeeka likiwa tayari ndani ya nchi, na gari lililoingia likiwa na miaka 8 huweza kuwa bado barabarani miaka 15 baadaye.

Katika muda huo nozeli hupata maadui watatu. Wa kwanza ni masizi na utomvu, yaani mabaki ya petroli yanayoganda kwenye ncha ya nozeli kila injini inapozimwa ikiwa ya moto, hasa kwa gari linalofanya safari fupifupi za foleni. Wa pili ni vumbi, kutu na maji kutoka katika matangi, ambavyo huziba kichujio cha ndani au kukwaruza kitako cha sindano. Wa tatu ni mafuta yaliyochakachuliwa, yaani petroli au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei.

Serikali za ukanda huu zilichukua hatua dhidi ya adui huyo wa tatu. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, ili mafuta yaliyochanganywa yaweze kugunduliwa kwa kipimo kituoni, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Kenya nayo iliweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa lengo hilo hilo. Hatua hizo zilipunguza kishawishi, lakini mafuta yanayouzwa katika madumu na chupa kandokando ya barabara hubaki nje ya udhibiti huo, na gari kuukuu lililoishiwa mafuta mbali na kituo mara nyingi hunyweshwa hayo hayo.

Kwanza yaondolewe yasiyohusika

Fundi mwangalifu haanzi na nozeli. Huanza na plagi na koili, kwa kuwa hizo hufikika kwa urahisi na huharibika mara nyingi zaidi, kisha hukagua mipira ya hewa, kichujio cha hewa na mgandamizo wa kila silinda. Silinda ambayo pete zake zimelika au valvu yake imeungua haitatengemaa hata ikifungiwa nozeli mpya kabisa kutoka kiwandani.

Baada ya hapo huja mgandamizo wa mafuta. Katika injini nyingi za petroli za Toyota za kipindi hicho, geji inayofungwa kwenye bomba la mafuta inatakiwa kusoma kati ya bar 2.7 na 3.4, bar moja ikiwa takribani sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida kwenye usawa wa bahari. Injini ikizimwa, mgandamizo huo haupaswi kushuka chini ya takriban bar 1.5 ndani ya dakika tano. Geji ikisoma chini ya kiwango wakati injini inafanya kazi, pampu, kichujio au kidhibiti cha mgandamizo wa mafuta ndicho cha kutazamwa. Ikisoma vizuri lakini ikaporomoka haraka baada ya kuzima, huenda valvu ya pampu, kidhibiti hicho au nozeli mojawapo inavuja.

Mashine ya kusomea hitilafu husaidia, ila haitoi hukumu. Katika magari yenye mfumo wa kisasa wa utambuzi, namba P0301 husema tu kwamba silinda ya kwanza inamisi, bila kusema kama kosa ni la plagi, koili, mgandamizo au nozeli. Namba P0201 hadi P0204 ndizo zinazoelekeza moja kwa moja kwenye njia ya umeme ya nozeli, na hata hizo huweza kusababishwa na waya uliokatika au soketi iliyoshika kutu.

Vipimo vinavyofanyika garini

Kipimo cha kwanza cha nozeli yenyewe hakihitaji mtambo wowote. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fundi huchomoa soketi ya nozeli moja, husikiliza na kutazama mizunguko inavyoshuka, huirudisha, kisha huenda kwenye inayofuata. Silinda nzima inapozimwa namna hiyo, injini hulegea na kutikisika; silinda ambayo soketi yake ikichomolewa hakuna kinachobadilika ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi tangu mwanzo.

Kipimo cha pili ni cha kusikiliza kwa kutumia bisibisi ndefu, ncha yake ikiwa juu ya mwili wa nozeli na mpini ukiwa sikioni. Nozeli inayofunguka hutoa mlio wa tiki-tiki ulio mkavu na wa mfululizo, na ile iliyokwama huwa kimya au hutoa mlio hafifu usiofanana na wa wenzake. Mlio huo huthibitisha kwamba sindano inacheza, ingawa hauthibitishi kwamba mafuta yanapita kwa kiasi kinachotakiwa.

Kipimo cha tatu hutumia mita ya umeme kupima ukinzani wa koili, yaani kiasi ambacho waya unaupinga umeme usipite. Nozeli za injini nyingi za Toyota za petroli za miaka ya 1990 zinatakiwa kusoma takriban omu 13.4 hadi 14.2 zikiwa katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme, koili imekatika. Ikisoma chini sana kuliko kawaida, koili imegusana yenyewe kwa yenyewe na inaweza hata kuiunguza kontrol boksi. Katika hali hizo mbili hakuna kusafisha kutakakosaidia, na nozeli hiyo haina budi kubadilishwa.

Kipimo cha nne ni cha kuhamisha. Nozeli inayoshukiwa katika silinda ya kwanza hufungwa katika silinda ya tatu, na ya tatu ikahamia ya kwanza. Kosa likiihama silinda na kuifuata nozeli, ushahidi umekamilika. Kosa likibaki pale pale, nozeli haina hatia na uchunguzi uendelee kwingine.

> Kosa likiihama silinda na kuifuata nozeli, ushahidi umekamilika. Likibaki pale pale, nozeli haina hatia.

Ushahidi wa mirija minne

Kipimo kinachomaliza ubishi hufanyika kwenye benchi la majaribio, mtambo ambao hivi sasa unapatikana katika gereji kadhaa za miji mikubwa. Nozeli nne hufungwa kwenye bomba moja, kila moja ikiwa imeuelekea mrija wake wa kioo uliochorwa mistari ya vipimo, kisha pampu hupandisha mgandamizo hadi kiwango cha gari husika na umeme hufungua nozeli zote kwa wakati mmoja.

Mambo matatu hutazamwa. La kwanza ni umbo la mnyunyizo, ambao unapaswa kutoka kama ukungu uliotawanyika sawasawa. Ukitoka kama uzi mmoja au ukiegemea upande, ncha imeziba au imekwaruzwa. La pili ni kuvuja, ambako huangaliwa pampu ikiwa na mgandamizo lakini nozeli zikiwa zimefungwa: nozeli nzima hukaa kavu, au hudondosha si zaidi ya tone moja katika muda uliowekwa na kitabu cha gari. La tatu ni kiasi, na hapo mirija ya kioo husema wazi kwa kila aliyesimama karibu.

Kwa injini nyingi ndogo za Toyota za miaka ya 1990, nozeli iliyofunguliwa mfululizo kwa sekunde 15 inatakiwa kutoa takriban sentimita za ujazo 40 hadi 50, na tofauti kati ya nozeli moja na nyingine isizidi sentimita za ujazo 5. Kwa mfano, mirija mitatu ikisoma 46, 45 na 47 huku wa nne ukisoma 36, tatizo limeshaonekana: silinda ya nne inakosa takriban sehemu moja ya tano ya mafuta yake, yaani pengo la 9 hadi 11 dhidi ya kikomo cha 5. Nozeli hiyo ikisafishwa kisha ikasoma 45, hakuna haja ya kuinunulia mbadala. Ikibaki 36 baada ya kusafishwa mara ya pili, umri wake umefika mwisho.

Madhara ya kuipuuza tofauti hiyo hayaishii kwenye kutikisika. Silinda inayopata mafuta pungufu huungua kwa joto la kupita kiasi na valvu zake huweza kuharibika, wakati ile inayopata mafuta mengi huoshwa oili ukutani mwake, petroli huchuruzika hadi kwenye sampu na kuifanya oili kuwa nyepesi, na mafuta yasiyoungua huenda kuwaka ndani ya masega ya kusafishia moshi na kuyayeyusha.

Kusafisha, mtumba au mpya?

Baada ya kipimo ndipo mgawanyiko wa maoni unapoanza. Wapo mafundi wanaoshikilia kwamba nozeli iliyochafuka isafishwe tu, kwa kuwa nozeli ya petroli iliyotengenezwa na kiwanda kinachoaminika huweza kuishi umri wote wa gari ikiwa mafuta ni safi. Huiweka kwenye bafu la mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa binadamu, ambayo hutikisa kimiminika na kubandua utomvu kutoka katika matundu, kisha hubadilisha vichujio vidogo na oringi na kuipima upya. Njia hii ni nafuu, na huhifadhi spea halisi ambayo gari lilizaliwa nayo.

Wengine huona kwamba muda wa kusafisha na hatari ya kazi kurudi gereji havilingani na faida, hivyo humshauri mteja anunue seti nzima. Hoja yao ina uzito kwa gari la biashara, ambalo kila siku linayolala gereji ni siku isiyo na mapato, na pia kwa nozeli ambazo zote nne zimetumika umri mmoja na zimeonyesha uchakavu mmoja.

Swali linabaki kuwa seti hiyo inatoka wapi. Spea halisi mpya ni ghali. Nozeli za mtumba kutoka Japani ni nafuu na mara nyingi ni za kiwanda kilekile, lakini nazo zimetoka katika gari kuukuu jingine, na muuzaji asiyezipima humuuzia mnunuzi bahati nasibu. Kundi la tatu ni la bidhaa bandia, zinazowekwa katika boksi lenye nembo ya kampuni inayojulikana ilhali koili, sindano na matundu yake havikufuata kipimo cha mtu yeyote.

Sheria dhidi ya bidhaa bandia zipo, kwani Tanzania inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, na Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2008. Hata hivyo mkaguzi hawezi kuwapo katika kila duka, na kinga ya karibu zaidi kwa mnunuzi ni ile ile ya benchi: nozeli mpya nayo ipimwe kabla ya kufungwa, mtumba nao upimwe, na asiyekubali bidhaa yake ipimwe asiaminiwe.

Lipo pia kundi linalotumia njia za mkato, ambazo hazina budi kukemewa. Kuchokonoa ncha ya nozeli kwa waya hupanua matundu ambayo upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita, na nozeli iliyochokonolewa hairudi tena katika ulinganifu. Kuunganisha nozeli moja kwa moja na betri huku petroli ikinyunyiziwa hewani ni kuita moto, kwa sababu cheche moja ya waya inatosha kuwasha mvuke uliojaa gereji.

> Nozeli mpya nayo ipimwe kabla ya kufungwa, na mtumba nao upimwe.

Dizeli haivumilii makosa

Kwa injini za dizeli mambo huwa mazito zaidi. Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser, au 2L na 3L za Hilux na Hiace, hutumia nozeli zisizo na umeme, ambazo hufunguliwa na mgandamizo wa mafuta yenyewe ukifika takriban bar 150. Mafundi pampu huzipima kwa mashine ya mkono yenye geji: mpini hukandamizwa, sindano ya geji hupanda, nozeli hufunguka kwa mlio wa kukereza na mnyunyizo hutazamwa. Kisha mgandamizo hushikiliwa chini kidogo ya ule wa kufungukia, na kwa sekunde 10 ncha haitakiwi kudondosha tone lolote. Nozeli inayofunguka mapema au kuchelewa hurekebishwa kwa vibati vyembamba vinavyowekwa juu ya springi.

Mfumo mpya wa bomba la pamoja, unaojulikana zaidi kwa jina la komonreli, ulibadilisha kila kitu. Denso ya Japani iliuingiza katika malori mwaka 1995, Bosch ikauingiza katika magari madogo mwaka 1997 kupitia Alfa Romeo 156, na Toyota ikatoa mwaka 2000 injini ya 1KD-FTV inayotumika katika Prado na Hiace nyingi za ukanda huu. Mgandamizo ndani ya bomba hilo huweza kuzidi bar 1,300, na nafasi kati ya sehemu zinazosuguana ndani ya nozeli hupimwa kwa mikroni chache, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Maji kidogo au mafuta ya taa yasiyo na ulainisho wa dizeli hutosha kuikwaruza.

Kipimo cha haraka cha komonreli ni cha mafuta yanayorudi. Kila nozeli hufungiwa mpira unaoelekea kwenye chupa yake, injini huachwa ingurume kwa muda uliopangwa, na chupa iliyojaa kuliko nyingine huonyesha nozeli inayovuja kwa ndani. Nozeli za aina hii pia huwa na namba ya fidia iliyoandikwa juu yake, ambayo hueleza tofauti yake ndogo na kiwango cha kiwanda. Fundi anayefunga nozeli mpya bila kuingiza namba hiyo katika kompyuta huacha kazi nusu.

Katika 1KD-FTV ipo hatari nyingine ambayo imeua injini nyingi. Pete bapa ya shaba inayokaa chini ya nozeli ikilegea, moshi wa moto hupenya kutoka silinda hadi chini ya mfuniko wa valvu, masizi huangukia kwenye oili, na baadaye huziba wavu wa kunyonyea oili chini ya sampu. Oili ikikosa njia, taabo hufa kwanza na injini hufuata. Pete hiyo ni ya bei ndogo, haifungwi mara mbili, na kuirudishia iliyotumika ni akiba inayomaliza gari.

Kubadilisha bila kuumia

Kazi ya kubadilisha nozeli za petroli huanza kwa kuondoa mgandamizo: fyuzi ya pampu huchomolewa na injini huachwa hadi izimike yenyewe, kisha waya hasi wa betri hufunguliwa. Eneo linalozunguka nozeli hupulizwa ili mchanga usidondoke ndani ya silinda. Oringi za zamani hutupwa, mpya hupakwa petroli au oili nyepesi, na nozeli huingizwa huku ikizungushwa kushoto na kulia ili mpira usikatwe na ukingo. Oringi iliyokatika hunyunyiza petroli juu ya injini ya moto, na magari huteketea kwa kosa dogo kama hilo. Kwa hiyo pampu hurudishiwa umeme na viungo vyote hukaguliwa kwa tochi kabla ya injini kuwashwa.

Kwa dizeli ya komonreli, mkono hautumiki kamwe kutafuta mahali panapovuja, kwa kuwa mafuta yenye mgandamizo huo hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano huweza kumpotezea mtu kidole au mkono asipofikishwa hospitali mapema. Vilevile tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo ili kutoa mafuta tangini iachwe, kwani tone linaloingia mapafuni husababisha homa ya mapafu inayoweza kuua.

Namba ziandikwe

Fundi wa mtaani mara nyingi amejifunza kwa kumwangalia fundi mwingine, na ujuzi wake ni wa kweli, ila haukupata nafasi ya kukutana na kitabu cha vipimo. Njia za kuziba pengo hilo zipo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, huendesha mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na nchini Kenya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, huwatahini mafundi na kuwapa vyeti vya daraja. Mipango hiyo ikitilia mkazo upimaji wa mafuta na umeme wa gari, itamnufaisha fundi kuliko cheti kinachotundikwa ukutani, kwa sababu anayeonyesha namba habishaniwi bei.

Gharama ya benchi la majaribio ni hoja ya haki kwa gereji ndogo, na haistahili kupuuzwa. Jibu lake ni ushirika: gereji kumi za mtaa mmoja zikipeleka nozeli kwa mwenye benchi mmoja, kila moja hulipia kipimo tu, na mwenye benchi hupata kazi ya kutosha kurejesha mtaji wake. Mafundi pampu wa dizeli wamefanya kazi kwa utaratibu huo kwa miaka mingi, wakipokea nozeli kutoka gereji mbalimbali, na hakuna sababu ya nozeli za petroli kutofuata njia hiyo.

Kwa upande wa mwenye gari, wajibu ni kuuliza kabla ya kulipa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la nozeli lina mistari michache tu: ukinzani wa kila moja, kiasi ilichotoa ndani ya sekunde 15, kama imevuja au la, na namba hizo hizo baada ya kusafishwa au kubadilishwa. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari pamoja na kadi yake, ili fundi anayefuata aanzie pale mwenzake alipoishia.

Gereji inayotoa karatasi kama hiyo inastahili kulipwa kwa kazi ya kupima hata pale ambapo kipimo kimeonyesha kwamba nozeli ni nzima, kwa kuwa imemwokoa mteja asinunue asichohitaji. Wateja wakizoea kulipia kipimo kama wanavyolipia spea, fundi hatakuwa tena na sababu ya kutafuta riziki yake katika vifaa visivyohitajika, na gari kuukuu litaendelea kumhudumia mwenyewe kwa gharama anayoimudu.